Shusha Pumzi Kwanza: Hatua za Kujituliza Unapobanwa na Msongo na Wasiwasi

Kiswahili kinaijua hali hii tangu zamani. Mtu mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto, yuko roho juu, moyo unamwenda mbio, kijasho chembamba kinamtoka. Jambo likiisha salama, tunasema ameshusha pumzi. Yatazame maneno hayo: tumbo, moyo, jasho, pumzi. Waliotuachia misemo hii waliona kwamba wasiwasi hukaa mwilini, na mimi naamini huko ndiko pa kuanzia kuutuliza.

Wengi tunaanza kinyume. Usiku wa manane mtu anajiambia, "Acha kuwaza, lala," na kadiri anavyojiamrisha ndivyo usingizi unavyomkimbia. Huo si uzembe wala udhaifu wa moyo. Mwili ukishajiandaa kwa hatari hausikii hoja. Ndiyo maana hapa tutaanza na pumzi na misuli, tuingie kwenye mawazo, ndipo tufike kwenye mambo yenyewe yanayotusumbua. Nakusihi usizibebe hatua zote kwa mkupuo. Shika ya pumzi wiki nzima, kisha uongeze nyingine.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Msongo huwa na jambo lake: deni, mtihani, mgonjwa nyumbani, kazi iliyorundikana. Jambo likiondoka, nao hupungua. Wasiwasi unaweza kubaki hata jambo limekwisha, au ukaja kwa jambo ambalo halijatokea na pengine halitatokea kamwe. Mwilini vinafanana sana, lakini huko mbele utaona dawa zake zinaachana njia.

Hatua ya 1: Ijue hali na uitaje

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapohisi hatari. Homoni iitwayo adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na damu hupunguzwa tumboni ili ipelekwe kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono. Ndiyo sababu tumbo hukoroga na mate hukauka. Homoni nyingine, kotisoli, hufuata taratibu na hukaa muda mrefu zaidi, ikihakikisha sukari ya kutosha ipo kwenye damu. Mwili haujaharibika hapo. Unafanya kazi yake barabara, ila unaifanya mbele ya barua ya bosi badala ya mbele ya simba.

Mara nyingine hali hiyo ikikujia, itaje kwa sentensi fupi, kwa sauti kama uko peke yako: "Moyo unakwenda mbio. Mabega yamekaza. Huu ni wasiwasi." Usiongeze maelezo, usitafute sababu. Kulitaja jambo kwa jina lake hukusogeza pembeni kidogo, ukaliona badala ya kuzama ndani yake.

Hatua ya 2: Shusha pumzi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotezwa na ushauri mzuri uliotolewa nusu. Mtu akiwa na hofu huambiwa, "Vuta pumzi ndefu!" Naye huvuta kwa nguvu, akavuta tena na tena, kifua kikajaa hadi mabega yakapanda. Baada ya dakika moja anasikia kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo, na anaamini sasa anakufa. Kilichotokea ni kwamba amepumua kupita mahitaji ya mwili. Kaboni dayoksaidi imetoka nyingi mno kwenye damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imesinyaa kidogo. Oksijeni hakupungukiwa. Alichokosa ni kutoa pumzi taratibu.

Ufunguo uko kwenye kutoa. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, karibu na kidole gumba, upumue polepole. Wengi watasikia mapigo yakienda kasi kidogo wakati wa kuvuta na yakipungua wakati wa kutoa. Kuna neva ndefu iitwayo vagasi inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, nayo ndiyo inayoushika moyo breki. Ukirefusha muda wa kutoa pumzi, unaipa breki hiyo nafasi zaidi ya kufanya kazi.

Fanya hivi:

1. Keti, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Legeza mkanda au nguo inayobana tumbo.
2. Anza kwa kutoa pumzi yote iliyomo, bila kusukuma kwa nguvu.
3. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4. Weka mkono mmoja tumboni: uinuke, mabega yatulie.
4. Toa polepole ukihesabu hadi 6, midomo ikiwa imefunguka kidogo kama unapoza kinywaji cha moto.
5. Endelea kwa dakika 5.

Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Hesabu ya 4 ikikushinda, anza na 3 ndani na 4 nje. Usishindane na saa, na usibane pumzi kama una ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au una mimba. Kizunguzungu kikija, acha, pumua kama kawaida.

Ipo namna fupi zaidi, ya kufanya hata ukiwa kwenye foleni. Vuta pumzi kwa pua, na kabla hujatoa, ongeza kipande kingine kidogo juu yake, kisha iachie yote kwa mdomo kwa kirefu. Ndiko kushusha pumzi kwenyewe, kule ambako mtoto hufanya akimaliza kulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 matokeo ya jaribio la mwezi mmoja, washiriki wakifanya zoezi la dakika 5 kila siku. Waliofanya namna hii walipata nafuu ya hisia kuliko waliokaa kutafakari kwa muda uleule, ingawa wasiwasi ulipungua kwa makundi yote.

Jifunze zoezi hili ukiwa umetulia, asubuhi na kabla ya kulala. Wengi hulikumbuka siku ya hofu tu, likawashinda, wakasema halifai. Hakuna anayejifunza kuogelea siku mashua inapozama.

Hatua ya 3: Legeza misuli kwa kuikaza

Daktari Edmund Jacobson, aliyefanya kazi Chicago, alitumia miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita akichunguza uhusiano wa misuli iliyokaza na akili iliyohangaika. Aligundua kwamba watu wengi hawajui kama wamekaza. Muulize mtu aliye mbele ya kompyuta kama meno yake yamebanana. Ndipo atakapogundua, na taya litashuka.

Lala chali au keti. Anzia miguuni: kunja vidole vya miguu kwa sekunde 5, viachie ghafla, subiri sekunde 10 hivi ukisikiliza tofauti. Panda kwenye mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, viganja, mikono, mabega, taya, hadi paji la uso. Ruka sehemu yenye jeraha au maumivu. Kiungo kimoja baada ya kingine, kama dakika 15 zinatosha. Ukikosa muda, fanya mabega peke yake: yapandishe karibu na masikio, yashike, yaangushe. Mara tatu.

Hatua ya 4: Hofu ikikuvamia ghafla

Kuna hofu inayopanda kama mafuriko: moyo unapiga, mikono inatetemeka, mtu anahisi anakata roho au anarukwa na akili. Hufika kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi chini ya 10, kisha hushuka yenyewe, maana mwili hauwezi kukaa kileleni daima. Kulijua hilo mapema ni nusu ya msaada.

Fungua macho. Kanyaga sakafu kwa nguvu kidogo. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kuvigusa, sauti 3 unazozisikia, harufu 2, na ladha 1. Vitaje kwa undani: usiseme "kiti" tu, sema "kiti cha rangi ya kahawia, mguu mmoja umekwaruzwa." Kujimwagia maji ya baridi usoni nako huweza kupunguza kasi ya moyo, ila mwenye matatizo ya moyo asijaribu bila kumuuliza daktari. Kama mahali ulipo ni salama, baki hapo hadi hofu ipungue, kwa sababu ukikimbia, kesho mahali hapo patakuogofya zaidi.

Hapa nakuomba uwe makini. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza, au yanayosambaa mkononi, mgongoni au kwenye taya, kupumua kwa shida kusikoisha, au kuzimia, hayo ni ya hospitali mara moja. Usijitibu mwenyewe kwa kudhani ni wasiwasi.

Hatua ya 5: Yape mawazo saa yake

Mwili ukishatulia, sasa unaweza kuzungumza na mawazo. Njia ninayoiamini kuliko zote ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake nchini Marekani, wakaichapisha mwaka 1983. Ni kuyatengea mawazo muda wake maalumu, saa ileile na mahali palepale kila siku. Wao walitumia dakika 30. Ukianza na 15 hujakosea.

Chagua muda wa jioni ambao hauko karibu na kulala, na mahali ambapo si kitandani. Mchana wazo likibisha hodi, liandike kwa neno moja au mawili kwenye karatasi: "kodi", "majibu ya hospitali", "maneno ya dada". Kisha liambie litasubiri saa 12 jioni. Hulifukuzi. Wazo ukilifukuza hurudi na wenzake, lakini ukilipa miadi huwa linakubali kungoja, na unaweza kurudi kwenye ulichokuwa unafanya.

Saa ikifika, kaa na ile karatasi. Utashangaa ni mangapi yamenyauka yenyewe tangu asubuhi. Yafute. Yaliyobaki yagawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni yale unayoweza kuyafanyia jambo. Hapa ndipo msongo ulipo. Usiandike "kutatua suala la kazi", hilo halishikiki. Andika tendo dogo lenye siku na saa: "Jumanne saa 4 asubuhi, nimalize ukurasa wa kwanza wa ripoti na kumwuliza msimamizi kama mwelekeo ni sawa." Tendo likishapata saa yake, akili haina haja ya kukukumbusha usiku kucha.

Fungu la pili ni ya "itakuwaje kama": itakuwaje kama nitaugua, kama nitaachwa, kama watoto hawatafanikiwa. Haya hayana tendo la kesho. Kosa kubwa ni kuyatafutia uhakika, kusoma kuhusu ugonjwa huohuo kwenye intaneti mara kumi, au kumwuliza mwenzi wako swali lilelile kila siku. Uhakika huo hudumu saa moja, kisha kiu inarudi kali zaidi. Liandike wazo lote hadi mwisho wake mbaya, lisome polepole mara kadhaa, ubaki nalo bila kulijibu. Linauma mwanzoni. Baada ya siku chache huanza kuchosha, na wazo linalochosha halitishi tena. Muda ukiisha, funga daftari, inuka, toka kwenye kile kiti.

Kama kinachokulemea ni jambo lililopita, kuna uandishi wa namna nyingine. Mwanasaikolojia James Pennebaker, katika majaribio yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1986, aliwataka watu waandike kuhusu jambo zito la maisha yao kwa dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, bila kujali tahajia wala mpangilio. Huenda ukahuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika. Nafuu huja siku za mbele. Kwa aliyeumizwa vibaya na jeraha likiwa bado bichi, ni bora afanye hivyo akiwa na mtaalamu pembeni.

Hatua ya 6: Linda usingizi

Usiku wa usingizi haba huufanya wasiwasi wa kesho kuwa mkali zaidi. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulichelewa kulala. Ukikaa macho kitandani kama dakika 20, usitazame saa. Inuka, nenda chumba kingine penye mwanga hafifu, fanya jambo la kutuliza, rudi usingizi ukianza kukuita. Kitanda kisizoee kuwa uwanja wa mahangaiko.

Kabla ya kulala, tumia dakika 5 kuandika mambo unayotakiwa kufanya siku zijazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, mwaka 2018, waliona kwamba walioandika orodha ya namna hiyo walisinzia mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo usingizi ulivyowahi.

Kuhusu kafeini, iliyomo kwenye kahawa na chai: kwa watu wengi, nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kikombe cha saa 10 jioni, ifikapo saa 3 usiku, kafeini yake nusu bado imo mwilini. Na pombe, inayosifiwa kwamba hutuliza, huleta usingizi wa haraka kisha huukatakata usiku, na asubuhi wasiwasi huwa umeongezeka.

Hatua ya 7: Usogeze mwili

Mwili ulijiandaa kukimbia. Upe mwendo uliouomba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Ukiona idadi hiyo ni kubwa, dakika 10 za leo zinatosha kuanza. Tembea simu ikiwa mfukoni, usiku usiuongoje.

Hatua ya 8: Acha kukwepa, kidogo kidogo

Hili ndilo gumu, na ndilo linalogeuza maisha. Kila unapokwepa kitu unachokihofia, unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha ubongo kwamba kweli palikuwa na hatari. Kesho hofu inadai eneo kubwa zaidi.

Kuna kipindi nilikuwa siwezi kupokea simu ya namba nisiyoijua. Niliiacha iite hadi inyamaze, moyo ukinidunda. Mwezi haukupita, nikawa nakwepa hata za watu ninaowajua. Nilichofanya ni kutengeneza ngazi yenye vipawa, yaani hatua za kukanyagia. Kipawa cha kwanza, kuitazama simu inayoita bila kuigeuza kifudifudi. Cha pili, kumpigia ndugu mmoja kila siku na kuongea dakika mbili. Cha tatu, kupiga mahali pa huduma kuuliza saa za kufungua. Cha mwisho, kupokea namba ngeni na kusema jina langu. Kila kipawa nilikirudia hadi kikachosha, ndipo nikapanda. Ilinichukua wiki kama tano.

Nawe andika hofu yako moja, uipe vipawa sita au saba, kuanzia kile kinachokutikisa kidogo tu. Ukiwa juu ya kipawa, kaa hadi hofu ishuke angalau nusu. Ukiteleza, shuka kimoja, usishuke vyote.

Hatua ya 9: Mwambie mtu

Chagua mmoja asiyependa kutangaza. Anza kwa kumwambia unachotaka kutoka kwake: "Sihitaji ushauri leo, naomba unisikilize dakika kumi." Watu wengi wanaotuumiza kwa ushauri hawakuwa na nia mbaya, hawakujua wafanye nini. Nawe ukiwa msikilizaji, uliza "na ukaendelea kujisikiaje?" kisha nyamaza.

Wakati wa kwenda kwa mtaalamu

Wahudumu wa afya hutumia dodoso la maswali 7, lililotolewa mwaka 2006, linalouliza ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na hali kama kushindwa kuacha kuwaza, kukosa utulivu, au kuhisi jambo baya litatokea. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla 21, na mwenye 10 au zaidi hutakiwa afanyiwe uchunguzi wa kina. Hata bila dodoso, kama kwa wiki mbili umeshindwa kulala, kula, kufanya kazi au kukaa na watu kwa sababu ya wasiwasi, muda umefika. Mawazo ya kujiua au kujidhuru hayangoji wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, asikuache peke yako, mwende hospitali.

Mwombe daktari akague pia mwili. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, na baadhi ya dawa huleta mapigo ya haraka na mtetemeko unaofanana kabisa na wasiwasi. Kama tayari unatumia dawa za kutuliza, usiziache ghafla kwa sababu mazoezi haya yamekusaidia. Zinapunguzwa kwa mpango wa daktari.

Wengi wakiingia chumba cha daktari husahau kila kitu na kusema "nipo tu, naumwa kichwa." Nenda na karatasi yenye mambo manne: hali hii ilianza lini, hutokea wakati gani, imekuzuia kufanya nini, na umeshajaribu nini. Maneno yakikukwama, mpe aisome.